Uzi wa Skrubu

Mwaka ulikuwa wa elfu mbili ishirini na tatu, mwezi wa Agosti, msimu wa baridi na manyunyu, wakati ambapo jua la Thika huchungulia saa sita, likajuta, likarudi lilikotoka. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Muema alifika nyumbani Makongeni saa mbili asubuhi, ametoka lindo la usiku huko Ruiru. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua mguu wake wa kushoto, akausimamisha kando ya ndoo ya maji kama mtu asimamishavyo mwavuli.

"Mguu umeanza tena," alimwambia mkewe. "Kutoka lango la bohari hadi steji ya matatu unajizungusha wenyewe. Mimi nikisimama, wayo haujamaliza safari."

"Si ulisema utampigia Kaleli?" Nzisa aliuliza.

"Nimempigia mara tatu, hashiki. Akipiga nikiwa nimelala, pokea wewe. Mwambie Jumatatu asubuhi kuna mkubwa mpya, anataka kututembeza paredi, mmoja mmoja. Mwambie nina siku tatu tu za mapumziko, Mama Kavindu."

Kaleli alikuwa mtengenezaji wa viungo vya bandia katika zahanati moja ya hisani mjini Thika, na ndiye aliyempima Muema mguu ule baada ya jiwe la timbo kumvunja wa kwanza. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri Muema mwezi wa Januari haikumwuliza habari za miguu, naye hakuona sababu ya kuwafunulia. Suruali ndefu, kiatu kilichong'arishwa, na mwendo alioufanyia mazoezi uani kwa wiki sita ndivyo vilivyompatia kazi. Kwa mshahara wa shilingi elfu kumi na nne walilipa kodi ya chumba na karo ya binti yao Kavindu, ambaye likizo hiyo alikuwa kwa nyanya yake Ngoliba. Mlinzi mmoja aliyegunduliwa kuwa na jicho moja la kioo alirudishwa kwao siku ile ile, bila hata nauli. Muema aliisimulia habari hiyo mara moja tu, haikuhitaji kurudiwa.

Kaleli alipiga simu saa nne, Muema akiwa amelala fofofo, Nzisa akapokea. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakiimba.

"Mama, niko Kitui, tunazika. Nitarudi Jumatano."

"Jumatano itakuwa kuchelewa. Jumatatu ana paredi."

"Basi sikiliza. Pale juu ya kifundo kuna kibano, na kibano kina skrubu moja. Hiyo ndiyo imelegea. Ifungue, nunua gundi ya uzi, tia kidogo kwenye uzi, nyoosha mguu, kaza. Umenielewa?"

"Kwenye uzi?"

"Kwenye uzi. Kidogo tu. Na uangalie isiwe ile ya—"

Wimbo wa mazishi ulipanda, simu ikakatika.

Nzisa alikuwa mshonaji. Hakushona magauni ya harusi. Alitia viraka, akapunguza suruali, akabadilisha zipu, mezani pake barazani. Kwake uzi ulikuwa uzi. Isitoshe, mwaka uliotangulia alimwona kwa macho yake fundi wa bomba akizungusha uzi mweupe kwenye ncha ya bomba kabla ya kufunga mfereji wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, na mfereji ule haujavuja hadi leo. Kwa hiyo maagizo ya Kaleli hayakumshangaza hata kidogo. Aliona ni jambo la akili, tena la aina ambayo yeye aliiweza.

Alikwenda dukani kwa fundi Muigai, mtengenezaji wa redio na simu, aliyekuwa na kibanda barabarani, hatua hamsini kutoka lango lao.

"Fundi, naomba gundi ya uzi."

Muigai alipekua mkebe wake, akatoa kichupa kidogo. "Nina hii nyekundu peke yake. Lakini hii ikishika, imeshika. Ni ya kufunga nini?"

"Mguu wa Baba Kavindu. Na uniazime ufunguo wa skrubu yenye shimo la pembe sita."

"Namba tano huo. Kwa nini usimlete nimfungie mimi?"

"Amelala. Nitaweza."

Alitaka mumewe aamke aukute mguu umenyooka, na chai iko mezani. Haya ndiyo yaliyokuwa makosa yake yote: upendo, na haraka. Aliupakata mguu wa bandia kama mtu apakatavyo mtoto, akaichomoa skrubu, akaizungushia uzi mweusi wa kushonea suruali mara saba, akaulowesha kwa gundi hadi uking'aa, akairudisha tunduni na kuanza kukaza. Iliingia mizunguko miwili kisha ikawa ngumu. Nzisa aliinama juu ya ufunguo kwa uzito wake wote. Wayo ukageuka mapajani pake. Gundi ikafurika, ikatiririka hadi pale bomba linapoingia kibanoni. Akasikia Muema akikohoa. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akausimamisha mguu kando ya ndoo, akaenda kuinjika chai.

Chai ilipochemka, gundi ilikuwa imekwisha kuwa chuma.

Muema aliamka saa tisa, akauvaa mguu, akasimama, akatazama chini. Wayo wa kulia ulielekea mlangoni. Wa kushoto ulielekea kabatini. Alijaribu kuuzungusha kwa mikono miwili. Haukusogea hata unywele.

"Nani ameushika mguu wangu?"

Kuna wakati ulimi hutangulia, moyo ukabaki nyuma ukitafuta viatu. "Fundi Muigai," Nzisa alisema. "Nilimpelekea Muigai."

*

Mbele ya kibanda cha Muigai palikuwa na benchi, na benchi hilo halikukosa watu. Ijumaa hiyo waliketi waendeshaji bodaboda wanne wakikimbia manyunyu, mmoja wao akiitwa Mwas, kijana ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko pikipiki yake. Magdalene, mkewe Muigai, alikuwa pembeni akikaanga mandazi. Watu hawa wote waliujua mguu wa Muema. Makongeni haikuwa Ruiru.

"Mzae, niaje!" Mwas alisema alipomwona anakuja. "Lakini huo mguu wako umeshika Garissa Road na wewe unaenda Nairobi. Mtapatana wapi?"

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Muema alimwendea Muigai moja kwa moja, mkewe akimfuata nyuma, amejifunga kanga mabegani.

"Wewe, ni nani alikufundisha kazi?"

Muigai aliinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua tumbo. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye maneno machache. Alimtazama Muema, akautazama wayo, kisha akamtazama Nzisa. Nzisa alitazama ardhi.

Muigai alielewa, na Nzisa akajua kwamba ameelewa.

"Uache hapa, niutazame," Muigai alisema taratibu.

"Uushike tena? Nikuachie unirudishie nini, mkia? Sikilizeni nyote!" Muema aligeukia benchi. "Huyu mnayemwita fundi ni fundi wa makopo. Hafai kushika hata mfuniko wa sufuria. Mimi Jumatatu nisimame mbele ya watu na mguu kama wa bata, kwa sababu yake!"

Hakuna aliyecheka tena. Muema aligeuka kuondoka, na kugeuka kwenyewe kulimtaabisha, maana wayo ulikwaruza mchanga na kuchora nusu duara.

Nyuma yao Nzisa alimsikia Magdalene akimwambia mumewe: "Baba Mburu, kwani mdomo umeuza? Si mimi mwenyewe nilimwona huyu mama akichukua gundi na ufunguo?"

"Geuza mandazi, yanaungua," Muigai alijibu.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya nguvu. Muema aliubana mguu baina ya mapaja, akautia ule ufunguo wa Muigai, ambao Nzisa alidai ameuazima ili mguu ukilegea tena waukaze wenyewe, akasukuma, akavuta, akagonga kwa jiwe. Saa tatu ncha ya ufunguo ilikuwa imelika, pembe sita zimekuwa duara, na tundu la skrubu limeanza kufanana nayo.

"Alitia nini huyu mtu?" alikuwa akisema kila baada ya dakika mbili. "Mama Kavindu, ulimwona alichotia?"

"Gundi."

"Gundi gani hii? Hii ni laana."

Nzisa hakuweza kuketi. Alichukua suruali ya mteja, akaiweka, akafagia palipofagiwa. Mchana aliufunga mguu ndani ya leso, akautia kiondoni, akaupeleka kwa mafundi wa magari kandokando ya barabara ya Garissa, akimwacha mumewe na mikongojo yake. Hatari ya kiondo ni kwamba kila mtu huona kilichomo. Kisigino cha kiatu kilichungulia, na mwanamke mmoja sokoni akamwuliza kama cha pili kipo auziwe jozi.

Fundi wa magari alifunua leso, akaruka nyuma, kisha akawaita wenzake.

"Mama, mwenyewe yuko wapi? Ama umeuacha mwili nyumbani upumzike?"

Walicheka hadi wakashika magoti. Baadaye waliubana mguu kwenye jiriwa, wakachomeka chuma kirefu, wakavuta wawili kwa pamoja. Kitu pekee kilichosogea kilikuwa meza.

"Hii dawa yake ni kukata," alisema yule wa kwanza akijifuta mikono. "Elfu moja mia tano. Lakini kibano kinakufa."

"Kikifa, kingine kinauzwa wapi?"

"Hiyo umwulize daktari. Na ya kuangalia ni mia moja."

Nzisa alilipa shilingi mia za kuangaliwa, akaufunga mguu vizuri zaidi, akarudi kwa njia ya nyuma.

Jumapili asubuhi, Muema akiwa bado kitandani ameelekeza uso ukutani, Nzisa alijificha nyuma ya tangi la maji la ploti akampigia Kaleli. Safari hii hakukuwa na nyimbo.

"Gundi ilikuwa ya rangi gani?" Kaleli aliuliza.

"Nyekundu."

"Lo! Simu ilikatika nikisema hilo hilo. Ya buluu hufunguka kwa mkono. Nyekundu hata ulete trekta. Ulitia kiasi gani?"

"Hadi uzi wote ukalowa."

"Wote, kwani ulikuwa mrefu vipi?"

"Mizunguko saba."

"Mizunguko saba ya nini, mama?"

"Ya uzi. Uzi mweusi. Ule wa suruali."

Kaleli aliuliza polepole, kama mtu apimaye mguu.

"Mama, ulifunga uzi wa kushonea kwenye skrubu?"

"Si ulisema nitie kwenye uzi?"

"Uzi wa skrubu ni ule mchirizi unaoizunguka, kama ngazi. Sisi kazini tunauita uzi kwa sababu Kiingereza kinauita hivyo. Sikufikiria... Nisamehe, mama. Wewe ni mshonaji. Sikufikiria."

Kiswahili kina neno lake la mchirizi huo, nalo ni hesi. Limo kamusini, halijafa, linangoja kutumiwa. Laiti Kaleli angelitumia Ijumaa, Nzisa angemwuliza maana yake, na kuuliza kungemwokoa. Neno geni humsimamisha mtu. Neno la nyumbani ndilo humpeleka mbio hadi shimoni.

"Sasa nifanye nini?"

"Gundi hiyo haiogopi nguvu, inaogopa joto. Lakini usitumie moto wa gesi, wayo ni mpira, utayeyuka. Tafuta chuma cha kulehemu, kile cha mafundi wa redio. Kigusishwe skrubu dakika kumi, hata kumi na tano. Uzungushie wayo tambara bichi. Kisha ifunguliwe ingali moto. Ikipoa itashika tena."

Nzisa alikaa nyuma ya tangi, maji yakimdondokea begani. Makongeni nzima, alijua fundi mmoja tu mwenye chuma cha namna hiyo.

*

Magdalene alikuwa mlangoni pa nyumba yao, amevaa vazi lake la kanisani, sufuria mkononi.

"Haiya! Mke wa bwana mwenye mguu! Unamtafuta nani? Kama ni fundi wa makopo, huyo hayuko. Aliyeko ni mume wangu."

"Mama Mburu, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Kwani mimi ndiye nilitukanwa?"

"Ninajua mlivyotendewa."

"Unajua. Na unaniambia hapa jikoni, mimi na wewe na sufuria." Magdalene aliiweka sufuria chini kwa kishindo. "Sikiliza, mama. Mume wangu alitukaniwa barabarani. Deni la barabarani halilipwi jikoni."

Muigai alitokea nyuma ya mkewe, ameshika kikombe cha chai.

"Mguu uko wapi?" aliuliza, kama mtu aulizaye redio iko wapi.

Nzisa alimweleza yote: simu, uzi, mizunguko saba, joto. Muigai alisikiliza bila kukatiza. Nzisa alipofika kwenye uzi wa suruali, pua zilimtutumka fundi kwa kicheko. Akanywa funda moja la chai ili kuzituliza.

"Nami nilikupa nyekundu," alisema. "Ilinipasa kukuuliza zaidi. Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Kesho ana paredi, na nikimwambia leo—"

"Sikukuuliza sababu. Nenda umlete. Na uje na tambara bichi."

Kumleta Muema kulichukua saa nzima. Kwanza alisema ni afadhali akatwe mguu wa pili. Kisha akauliza ni Kaleli mwenyewe aliyesema joto, au ni Muigai anajitafutia jina. Mwishowe alitazama saa ya simu, akahesabu kwa vidole saa zilizobaki hadi Jumatatu, akachukua mikongojo yake. Mguu aliubeba mwenyewe, kwapani, bila leso. Alisema hataki tena utembezwe kama kuku wa kuuzwa.

Nyumbani kwa Muigai hawakusalimiana. Muigai alichomeka ukutani waya wa chuma cha kulehemu, na Magdalene akakumbusha kutoka dirishani kwamba umeme huo ni wa tokeni alizonunua yeye. Chuma kilipopata moto, Muigai alichukua ule ufunguo uliolika, akautazama, akaguna. Aliubana, akaipunguza ncha yake kwa msumeno wa chuma kadiri ya unene wa kucha, pembe sita zikarejea zikiwa kali kama mpya. Kisha akaushindilia ndani ya tundu kwa nyundo ndogo, vipigo vitatu vyepesi, akauchomoa tena, akakigusisha chuma cha moto kwenye skrubu.

Dakika tano zilipita. Nzisa alishika tambara bichi kwenye wayo, mvuke ukimpanda vidoleni. Muema aliketi ameegemea mikongojo.

Dakika nane. Moshi mwembamba ulianza kutoka, na pamoja nao harufu. Nzisa aliitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kila siku ya maisha yake alichoma ncha za nyuzi kwa kiberiti ili zisifumuke.

"Nani anachoma nguo?" Magdalene aliuliza dirishani.

Muigai aliutia ufunguo, akauegemea. Palisikika mlio mfupi, kama kijiti kikavu kuvunjika, na mkono wake ukashuka ghafla. Skrubu ilikuwa imesalimu amri. Aliizungusha polepole, pumzi kwa pumzi, akisimama kuipasha moto tena, hata ikatoka nzima. Ilikuwa imevaa kitu cheusi, kilichokunjamana, kimeyeyuka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa bado na umbo lake, na mtoto mdogo angeweza kukitambua.

Muema aliinama karibu. "Huu ni uzi," alisema. "Huu ni uzi wa nguo! Wewe mzee, ulinifunga mguu kwa uzi wa nguo?"

Nzisa alifungua mdomo. Akaiona Jumatatu mbele yake, lango la Ruiru, mstari wa walinzi, mumewe amekesha kwa hasira na macho mekundu. Mdomo ukajifunga.

Muigai aliuchomoa uzi kwa koleo, akaudondosha ndani ya kopo la takataka. "Mguu umefunguka," alisema. "Hilo ndilo ulilolitaka. Uvae tuunyooshe."

Muema alipouvaa na kusimama, Nzisa alipiga magoti, akatoa chaki yake ya kushonea mfukoni. Aliipima kwa jicho mikunjo ya suruali kwenye miguu yote miwili, akaugeuza wayo kushoto kidogo, kulia kidogo, akachora mstari mmoja mweupe kutoka bombani hadi kibanoni. Kazi hiyo aliiweza kuliko wote waliokuwapo. Muigai alikaza skrubu, kavu, bila tone lolote.

"Jumatano Kaleli atatia ya buluu," alisema.

"Atatia yeye," Muema alijibu. "Mwenye kujua." Akaondoka kwa miguu miwili iliyoelekea upande mmoja.

*

Jumatatu Nzisa hakushona. Saa tatu alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akanunua ufunguo wa pembe sita, namba tano, kwa shilingi mia moja na hamsini zilizokuwa za mafuta ya taa. Saa sita aliutoa kwenye karatasi, akautazama, akaurudisha. Saa tisa alisimama langoni. Simu ya Muema haikupatikana.

Alimwona saa kumi na moja, akishuka kutoka barabara kuu, kofia mkononi, furushi la nyama kwapani, mwendo wake umenyooka kama wa mwalimu wa gwaride. Hakuja langoni. Alisimama kwanza penye kibanda cha Muigai, na Nzisa akakimbilia huko.

"Nimepita!" Muema alikuwa akisema. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile. "Kumbe mkubwa mpya ni mtu wa viatu! Alitutembeza mara mbili, macho chini, akasema: 'Nani huyu ameng'arisha hivi? Wengine muige huyu.' Muige huyu!"

"Mzae, umeiva," Mwas alisema. "Sasa mguu na wewe mnaongea lugha moja."

Muema alicheka, kisha akamgeukia Muigai, akaupandisha mkono kama mchungaji atoaye baraka. "Nawe, fundi. Siku ya leo sina kinyongo na mtu. Uliniharibia, lakini ulitengeneza. Uzi wako nimekusamehe."

Muigai aliendelea kukaza kitu ndani ya redio. "Haya," alisema.

Magdalene alisimama na kijiko cha mandazi hewani, mafuta yakidondoka. Hakumtazama Muema. Alimtazama Nzisa.

"Baba Kavindu," Nzisa alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu ili ifike mwisho wa benchi. "Baba Kavindu, huyu hana cha kusamehewa."

"Nini?"

Alitoa mfukoni kidonge cha uzi mweusi, akakiweka juu ya meza ya Muigai, katikati ya redio zilizofunguliwa. "Uzi ni wangu. Mimi ndiye niliyefunga skrubu. Kaleli alisema uzi, nami nikatia uzi. Fundi hakuugusa mguu wako hata kidogo kabla ya jana. Nilikudanganya Ijumaa, ukamtukana hapa, naye akaniona akaninyamazia. Jana pia akaninyamazia. Fundi wa makopo ni mimi."

Mwas alianza kucheka, akaona nyuso za wenzake, akakimeza kicheko.

Muema aliutazama uzi. Akamtazama mkewe kwa namna ambayo Nzisa alijua kwamba jioni itakuwa ndefu. Kisha akamtazama Muigai.

"Ulijua?"

"Nilijua mguu sikuushika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungempiga?" Muigai aliuliza.

"Mimi? Simpigi mke wangu."

"Mimi sikulijua hilo. Nilikuona una hasira tu."

Muema aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Aliigeuza mikononi, ukingo baada ya ukingo. Furushi la nyama lilianza kulowesha shati lake, naye hakulisogeza.

"Mwas," alisema hatimaye. "Ijumaa nilisimama wapi?"

"Hapo hapo tu, mzae."

"Nilisema nini?"

"Si unajua..."

"Sema. Wote wasikie."

"Ulisema ni fundi wa makopo. Eti hawezi kushika hata mfuniko wa sufuria."

"Basi sikilizeni tena, wale wale." Muema alijisogeza nusu hatua hadi pale mchanga ulipokuwa bado na alama ya nusu duara, akasimama wima. "Nilimsingizia mtu. Mguu huu umenirudishia kazi, na aliyeurudisha ni fundi Muigai. Nilichosema hapa nakifuta hapa. Baba Mburu, niwie radhi."

Muigai alitikisa kichwa mara moja, akazima redio iliyokuwa ikikoroma.

Magdalene alitoa mandazi mawili, akayafunga kwa karatasi, akamkabidhi Nzisa bila kuomba pesa. Nzisa aliyapokea kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alitoa ufunguo mpya, akauweka kiganjani mwa Muigai.

"Namba tano," alisema. "Wako tuliupunguza."

Muigai aliuinua kwenye mwanga, akazihesabu pembe zote sita kwa kidole gumba, akautia ndani ya mkebe wake, mahali palipokuwa wazi baina ya namba nne na namba sita.